Mwezi wa Binamu, Mwezi wa Redio

Maji yakiingia mikokoni hayaji kama maji. Yanakuja kama mtu anayenyata kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kwanza unasikia matope yanatoa vipovu, pu, pu, halafu wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanaacha kupunga, wanaingia mashimoni, kila mmoja na mlango wake. Halafu ukitazama miguuni kwako maji yapo. Hukuyaona yakija. Nimekaa na kamera miaka yote hii nikiitaka picha ya maji yanapofika, sijaipata hata mara moja, maana kila nikibonyeza ama hayajafika, ama yameshafika zamani yananitazama.

Mimi ni mpiga picha wa Kibiti. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo anayesoma hapa asitegemee nitakwenda moja kwa moja. Mto wetu wenyewe ukikaribia bahari unasahau ulikuwa unakwenda wapi, unajigawa mapande, na bado unafika. Nilizaliwa upande wa Umwe, kwenye mpunga na ufuta, lakini mama alikuwa mtu wa Salale, ndani ya mikoko, na mjomba wangu alikuwa mvuvi huko, na mtoto wa mjomba wangu ndiye ninayetaka kumsema. Nitafika kwake.

Kamera ya kwanza niliachiwa na bwana mmoja aliyekuja kupima barabara. Nilimbebea vyombo vyake kiangazi kizima, na siku ya kuondoka akanipa ile kamera, akaniambia mlango wake unavujisha mwanga. Kweli ulivujisha. Picha zangu zote za mwanzo zina ukungu mwekundu upande mmoja, kama vile kila mtu wa Umwe alisimama karibu na moto. Watu walipenda. Nilipokuja kuuziba ule mlango kwa mpira wa baiskeli, mteja mmoja alilalamika, "Mbona picha zako siku hizi hazina moto?" Walitaka kupigwa na redio, na chupa ya chai, na baiskeli hata ya kuazima. Mzee mmoja alitaka kupigwa na mbuzi wa jirani, kwa sababu wa kwake walikuwa wamekonda. Nikampiga. Jirani aliposikia akaja naye, akataka apigwe na mbuzi yuleyule, ijulikane ni wa nani hasa. Basi mbuzi yule ana picha nyingi kuliko mama yangu, ambaye hana hata moja.

Sasa simu zimetumaliza. Kila mtu anajipiga mwenyewe, amebinua midomo. Kazi iliyobaki ni ya watu wa miradi, wanaohesabu mikoko, wanaopima kamba wa baharini, wanaofuatilia viboko. Wananiita kwa kuwa najua njia za maji na silalamiki kulala kwenye mtumbwi. Nimepiga kiboko akipiga miayo kabla ya jua, na mdomoni mwake mna mvuke kama wa sufuria. Nimepiga mamba nikidhani ni gogo, nikaenda kulikalia, na ni Mungu tu aliyelifanya lile gogo lifumbue jicho mapema. Na kila kazi ikinipeleka upande ule, nikishamaliza naingia Salale kwa binamu. Tunavua. Hiyo ndiyo mishahara yangu yote.

Kwetu mtoto wa mjomba si ndugu wa heshima, ni mtani. Unamwambia lolote. Siku ya harusi yake nilikwenda nikakaa juu ya kitanda cha bwana harusi, nikagoma kutoka mpaka nipewe jogoo, na bibi harusi amesimama mlangoni na shela lake hajui alie au acheke. Nilipewa jogoo. Yeye naye siku yangu alificha kiatu kimoja, nikaenda kuoa na ndala. Hakuna aliyenuna. Angenuna ingekuwa aibu.

Huyu binamu yangu ndiye aliyeingiwa na mtoto wa jicho. Jina zuri kwa kitu kibaya. Hakujua mwanzoni. Alikuwa akiingia jikoni anamwambia mkewe, "Mbona siku hizi unapikia kuni mbichi? Nyumba moshi mtupu." Shemeji akadhani ni uchokozi, akawa anatafuta kuni kavu, anazianika, anazigeuza kama samaki. Moshi haukuisha. Ulihamia kibarazani, ukahamia mtoni, mwisho ukafunika kisiwa chote, na jicho la kushoto likawa jeupe kama kiini cha nazi changa. La kulia liliona mwanga na giza, basi. Aliendelea kuvua. Mimi nilikaa mbele ya mtumbwi namwambia kilichopo, yeye nyuma na upondo wa kusukumia. Nilikuwa nasema, "Kuna yangeyange watatu juu ya mti uliolala." Anauliza, "Wanatazama wapi?" Hapo ndipo nilipojifunza kutazama. Nilipiga picha miaka mingi sijawahi kujiuliza ndege anatazama wapi.

Basi ikaja habari kwamba madaktari wa macho watapiga kambi Kibiti juma moja, wanapasua watu bila kudai kitu. Mimi nikaitwa kupiga picha. Siku ya kwanza tu, muuguzi mmoja, mama mwenye sauti nene, nilimweleza habari za binamu. Akaniambia, "Babu, mtoto wa jicho akikaa sana anakuwa jiwe. Kama hilo la kulia bado linajua mchana na usiku, mlete sasa. Sisi tukiondoka sijui tutarudi lini, na hata tukirudi huenda yeye hatakuwa na kitu cha kupasuliwa." Siku ya mwisho ya kupasua ilikuwa Alhamisi. Niliomba ruhusa, nikaenda Nyamisati, nikapanda boti ya mashine ya wanunuzi wa samaki, Jumanne jioni nikawa Salale.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, ewe mla vya watu," binamu akajibu toka ndani. "Umekuja na njaa au umekuja na msiba?"

"Nimekuja na safari yako ya hospitali."

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wanaotaka kunichoma kisu jichoni ndio waliokutuma?"

"Hawachomi. Wanakuna tu, wanatoa ule weupe."

"Kwani mimi nazi?"

Shemeji alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa, "Anaogopa akiona ataniona mimi. Mara ya mwisho kuniona nilikuwa na meno yote."

"Sauti yako haijang'oka hata jino moja," binamu akamwambia, na shemeji akamrushia chuya.

Alikuwa anaogopa, lakini si kumwona shemeji. Kulikuwa na mtu aliyemfahamu aliyekwenda kupasuliwa tumbo, akarudi amefunikwa shuka. Akasema atakwenda, lakini kwa sharti. Kesho Jumatano alasiri twende kwanza kwenye uwanda wa mkizi, tuzungushe wavu, tulale hukohuko, maji ya alfajiri yatunyanyue, tuje moja kwa moja mpaka boti ya Nyamisati. "Nikifia juu ya kitanda chao," akasema, "niwe nimekula mkizi wa mkono wangu."

Sasa niseme habari za uwanda huo, maana hapo ndipo tulipoharibikiwa. Ni mahali pa juu, nyuma ya mikoko, ambapo maji hayafiki ila wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu. Mkizi wanajua. Siku hizo wanapanda huko kula, maana matope ya huko hayajaguswa. Unaingia na mtumbwi maji yakijaa, unazungusha wavu kwenye miti, unangoja. Maji yakitoka, samaki wanabaki ndani ya wavu, na mtumbwi nao unabaki juu ya matope. Hilo si tatizo. Unalala ndani yake. Maji ya pili yakija juu zaidi ya yale ya kwanza yanakubeba. Lakini lazima uingie kabla bamvua haijafika kileleni. Ukiingia kilele chenyewe, maji yanayofuata yatakuwa mafupi, na yanayofuata hayo mafupi zaidi, na wewe utakaa hapo na mtumbwi wako kama kuku anayeatamia mpaka mwezi mwingine uandame. Salale nzima inajua kwamba kilele chake ni mwezi kumi na saba, siku ya kumi na saba tangu uandame.

Na mwaka huo Idi zilikuwa mbili.

Huku kwetu ni jambo la kawaida. Wapo wanaofungua kwa redio, ikitangazwa mwezi umeonekana huko ulikoonekana, na wapo wanaosubiri wauone kwa macho yao. Masika ilikuwa imeanza, mawingu yameziba mbingu kama blanketi, na wale wa macho hawakuuona, wakatimiza thelathini. Binamu yangu, ambaye hakuwa na macho, alikuwa mtu wa macho. Shemeji alikuwa wa redio. Katika nyumba ile moja siku ile shemeji alikula pilau, mume wake amefunga, amekaa kibarazani ananusa.

"Nyumba ilinuka mchele na mdalasini," binamu alinisimulia, "nikasema ewe Mola, funga hii nilipe mara mbili."

Mimi Kibiti nilifungua na redio. Basi Jumatano tukiwa tunapakia wavu nikamwambia, "Leo si kumi na saba?"

"Kumi na sita."

"Kwa redio ni kumi na saba."

"Redio imewahi kuvua? Mwezi wenu mlifungulia Kariakoo. Huu wa hapa ni kumi na sita, kesho ndiyo kilele."

Nikacheka, nikaacha. Nani abishane na mtu aliyezaliwa juu ya maji? Na mbinguni hapakuwa na wa kumuuliza, mawingu matupu. Nikabeba kamera ndani ya mfuko wa nailoni, mkeka, birika, na mihogo ya kuchemsha aliyotufungia shemeji.

Alasiri ile siwezi kuieleza vizuri. Tulipita kwenye vijito ambavyo matawi yamekutana juu, ndani yake mna mwanga wa kijani, na sauti haiendi mbali. Binamu alichoma upondo, akavuta, akachoma, na kila akivuta matone yalipiga majini kama mtu anahesabu tasbihi. Sikusema kitu muda mrefu. Akauliza, "Umelala?" Nikamwambia naangalia majani yanayoelea, yanakwenda upande wetu, yanatupita, yana haraka kuliko sisi. Akasema, "Mazuri. Maji yanaingia kwa nguvu." Tulipotokea kwenye uwanda, miti ikaisha, tukawa juu ya maji mapana yasiyo na kina, tuli, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, na mbingu ndani yake. Sikujua mtumbwi unaelea juu ya nini. Mkizi waliruka hapa na pale, kila mmoja akiacha duara, na maduara yakapanuka mpaka yakagusana, yakapotea. Nilipiga picha pale. Ninazo. Hazina kitu, weupe tu na mstari, lakini mimi nikiziangalia nasikia.

Tulizungusha wavu yeye akihesabu miti kwa mkono. Maji yakatoka na jua. Tukaokota mkizi kwenye matope wakiwa wanametameta, tukachoma wawili juu ya fito mbichi, akala wake mpaka macho ya samaki, akafuta mikono kifuani. "Sasa wanikune," akasema. Tukajilaza ndani ya mtumbwi, miguu kichwani, kichwa miguuni, na kitu kingine cha usiku ule sikumbuki, nililala kama mtoto.

Alfajiri niliamshwa na ile pu, pu ya matope. Maji yalikuwa yanakuja. Nikakaa kusubiri ile hali ya mtumbwi kushtuka, maana unaponyanyuliwa unashtuka kidogo, kama mtu aliyeguswa bega. Maji yakafika ubavuni. Yakapanda. Binamu alikuwa ameamka, ametoa mkono nje ya mtumbwi, vidole ndani ya maji, anapima. Yalifika kwenye kiganja. Yakafika kwenye kifundo cha mkono wake. Pale yakasimama.

Tukangoja. Nje kulikuwa kumekucha, ukungu mweupe umelala juu ya uwanda wote. Jani moja lililokuwa linaelea karibu nasi likasimama, likafikiri, likaanza kurudi lilikotoka.

Binamu akautoa mkono, akaukung'uta. "Binamu," akasema, "mwezi wako ndio uliokuwa mwezi."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yetu amenipa nafasi ya kumcheka nikashindwa. Ilikuwa Alhamisi. Kibiti walikuwa wanafungua mlango, watu wanaitwa kwa majina. Yeye alikaa palepale kwenye ubao wa nyuma, uso ameuelekeza kwenye mwanga, lile jicho moja linalojua mchana limefunguka. Akasema polepole, "Si kitu. Nimeshazoea." Hapo ndipo niliposikia kwamba alikuwa anataka. Maneno yote ya nazi na kisu yalikuwa kelele tu. Alikuwa anataka sana kuona, na sasa alikuwa anajifundisha kutotaka.

Tukashuka tukasukuma. Wazee wawili, mtumbwi wa mwembe uliolowa miaka, matope mpaka magotini. Haukwenda hata shubiri. Nikateleza nikakaa chini, binamu akanisikia, akaniuliza kama nimetaga.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya ukungu. "Nyie ni watu au ni ngedere?"

Upande wa juu wa uwanda kuna mashamba ya mpunga, na watu wakati huo wanahamia kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, kulinda ndege. Alitokea mama mmoja mnene, kanga ameifunga kifuani, rungu la kufukuzia ngedere begani, na nyuma yake wakwe zake watatu, wake za wanawe. Akatuangalia. Akauangalia mtumbwi. Akaelewa bila kuambiwa, maana ni mtu wa hapo.

"Nani aliyehesabu mwezi hapa?"

"Mimi," binamu akasema.

"Ulihesabu kwa nini, kwa vidole vya miguu?"

"Kwa dini."

"Haya. Na maji yakafuata dini gani?"

Wakwe wakacheka mpaka mmoja akajishika kwenye mkoko. Nikamwambia yule mama habari za hospitali, kwamba leo ndiyo mwisho. Kicheko kikakatika. Alimsogelea binamu, akamshika kidevu, akamgeuzia usoni kwake kama anayechagua papai, akalitazama lile jicho. Kisha akawageukia wakwe zake. "Kateni fito."

Wakakata fito za mikoko, wakazitandika kutoka kwenye mtumbwi mpaka ukingo wa kijito, wakazipaka matope laini zikawa utelezi. Samaki tukawateremsha, kamera nikaivaa shingoni. Yule mama akasimama mbele na kamba, akaanza kuongoza, wakwe wakaitikia:

"Mwezi wa nani?"

"Wa babu!"

"Umeandama wapi?"

"Matopeni!"

Na kila "matopeni" mtumbwi ukasogea hatua. Binamu alikuwa nyuma anasukuma kwa bega na anaitikia kwa nguvu kuliko wote, anajitukana mwenyewe kwa sauti nzuri ya kaswida. Tulipofika ukingoni mtumbwi ukaingia kwenye kijito kama mamba, maji yakaruka. Tukawaachia samaki wote. Yule mama akasema, "Nenda, baba. Ukiona, uje utuone sisi tulivyo wazuri."

Maji yalikuwa yanatoka, yakatubeba. Boti ya Nyamisati tuliikuta inafungua kamba. Kutoka Nyamisati tulipanda pikipiki moja, mshikaki, dereva mbele, binamu katikati, mimi nyuma nimemkumbatia na kamera inamchoma mgongoni, barabara yote madimbwi. Tukapita Bungu, tukaingia lami, tukafika Kibiti jua limeshageuka, na hakuna sehemu ya mwili wetu iliyokuwa na rangi yake.

Viti vya nje vilikuwa vimeshapangwa juu ya vingine. Yule muuguzi mwenye sauti nene alitoka na ndoo, akatuona, akasimama.

"Babu! Tumefunga. Daktari anavua glavu."

"Mwambie azivae," binamu akasema. "Nimeletwa na wanawake wanne na pikipiki."

Muuguzi alimtazama kuanzia juu mpaka chini. "Unanuka samaki, mzee wangu."

"Ninuke nini? Mimi mvuvi. Wewe unanuka dawa, nimesema kitu?"

Alicheka bila kutaka, akaingia ndani. Tulisikia maneno nyuma ya mlango. Mimi nilisimama nikiangalia matope yanavyokauka miguuni mwangu, yanapasuka vipande vipande kama ramani. Akarudi na beseni la maji na sabuni. "Muoshe wewe mwenyewe. Haraka. Uso, mikono, miguu. Daktari amesema atamwangalia tu, hajaahidi."

Nilimwosha binamu yangu pale uani. Nilimwosha uso, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la kunichokoza, alifumba macho tu, akaniachia.

Daktari alikuwa kijana mwembamba amechoka. Alimmulika, akammulika tena. Akasema la kushoto limekwisha, hilo asahau. La kulia bado. Mzee angechelewa zaidi, yeye daktari asingeligusa. Akauliza, "Unaogopa, mzee?" Binamu akasema, "Ndiyo." Wakamwingiza.

Asubuhi ya Ijumaa ndiyo ya kufungua bandeji. Wote waliopasuliwa walipangwa kwenye benchi, kila mmoja na pamba yake. Binti mmoja wa mradi, anayenipa kazi, alinishika mkono. "Babu, hii ndiyo picha tunayoitaka kuliko zote. Ule wakati anaona mara ya kwanza. Uso. Usiikose." Nikasema sitaikosa. Mwanga ulikuwa mzuri, unaingia dirishani kwa upole umechujwa na pazia. Nikapiga magoti mbele ya binamu, nikaweka kamera jichoni, nikasubiri. Muuguzi akabandua gundi polepole. Pamba ikatoka. Jicho likafunguka, jekundu, lina machozi, likapepesa, likatafuta. Likapita ukutani, likapita dirishani, likanifikia mimi, likaganda. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

"Nani huyu?" akauliza.

"Mimi."

"Toa hilo dude usoni nikuone."

Nikalitoa. Nikaliweka chini, juu ya saruji. Akanitazama. Sijui muda gani. Niliona jicho lake linanizunguka, kichwa, mashavu, shingo, kama vile alivyokuwa anahesabu miti kwa mkono kule uwandani. Nilitaka kucheka, nilitaka kuinamisha uso, sikuweza lolote.

"Mungu wangu," akasema. "Nimekuwa nikitembea na maiti."

Benchi zima likacheka, hata waliokuwa bado wamefungwa. Binti wa mradi alinijia baadaye akauliza nimeipata? Nikamwambia hapana. Akaenda zake. Kazi hawajaniita tena, na sina cha kumlaumu.

Mchana tulianza safari ya kumrudisha Salale. Walimpa miwani myeusi, wakamwambia asiivue juani, na alikuwa anaivua kila baada ya nyumba mbili. Alitazama. Bungu tuliteremka kungoja gari la Nyamisati, na pale kando ya barabara kulikuwa na wauza korosho wamepanga vifungu vyao, na mabeseni ya plastiki ya kila rangi yametundikwa, mekundu, ya buluu, ya manjano, upepo unayagonganisha. Binamu akasimama mbele ya muuza korosho mmoja, mama wa makamo mwenye mtandio wa zambarau, akasukuma miwani juu ya paji, akamkazia jicho. Hakununua. Hakuondoka.

Yule mama akavumilia, akavumilia, mwisho akaweka mkono kiunoni. "Baba, mbona wanitazama hivyo? Una deni langu au nina lako?"

"Nakutazama kwa kuwa upo, mwanangu," binamu akasema.

Mama yule akaniangalia mimi, akaiona gundi ya bandeji iliyobaki shavuni mwa binamu, akaliona lile jicho jekundu. Akashusha mkono kiunoni. Akauvuta mtandio nyuma ya masikio.

"Basi tazama vizuri," akasema, na akageuza uso wake taratibu, upande huu, halafu na upande wa pili.